Gulangyu: kisiwa kisicho na gari na majumba ya watu waliorudi

Jumatatu, Guangzhou mpaka Xiamen

Mzigo wangu wa marumaru umekwama kiwandani Foshan, rangi moja bado haijatoka kwenye tanuru, wakaniambia subiri mpaka wiki ijayo. Sasa wiki nzima nikae Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, nafanya nini, nakula wali kuku kwa Wasomali na kuangalia bei ya gesti inavyopanda? Nikachukua treni ya mwendokasi nikaenda zangu Xiamen. Kule kuna dogo mmoja wa Tanga anasoma chuo, tuko naye kwenye grupu la Watanzania, kila siku anatuma picha za kisiwa kidogo kina majumba mekundu na hakuna gari hata moja, na mimi tangu zamani nilikuwa nataka kukiona.

Safari ni masaa manne na ushee hivi, unapita Shenzhen, unapita Chaoshan, halafu unaingia mkoa wa Fujian, na muda mwingi ni handaki, mlima, handaki, bahari kidogo, handaki tena, mpaka ukitaka kupiga picha ya bahari ukitoa simu tayari giza limerudi. Ila ukishaiona hii pwani unaelewa mambo mengi, milima imekuja mpaka karibu na maji, sehemu ya kulima ni vipande vipande, sasa mtu akizaliwa hapa na ndugu zake sita atakula wapi? Anapanda jahazi. Hiki kitu kishikeni maana ndio hadithi yote ya huku.

Xiamen yenyewe ni kisiwa, imeunganishwa na bara kwa madaraja na barabara ya chini ya bahari, wazungu wa zamani waliiita Amoy. Na hicho kisiwa kina kisiwa kingine ubavuni, ndio Gulangyu, hakifiki hata kilomita mraba 2. Usiku nilihangaika kidogo kwa sababu gesti ya kwanza niliyolipia kwenye simu walipoona paspoti wakasema hawapokei wageni, hii kwa sisi tunaokuja China sio habari mpya, nikavuta begi mpaka nikapata nyingine. Nikala tambi za supu ya karanga, nikalala.

Jumanne, kuvuka

Mlango wa bahari kati ya Xiamen na Gulangyu ni mwembamba, mita mia sita hivi, yaani ukisimama upande huu unawaona watu wa upande ule wanatembea. Lakini mgeni huruhusiwi kuvuka pale karibu mchana, pale ni kwa wenyeji, sisi tangu 2014 tunapelekwa kwenye bandari nyingine kaskazini, unakata tiketi na paspoti yako, yuan 35 kwenda na kurudi, unakaa kwenye boti kama dakika ishirini. Sababu ni wingi wa watu, kisiwa kimewekewa kikomo cha watu 50,000 kwa siku ukijumlisha na wenyeji wenyewe, na tiketi za sikukuu zinaisha mapema sana.

Ukishuka tu unashangaa masikio yako. Hakuna honi. Gari haziruhusiwi, pikipiki haziruhusiwi, hata baiskeli haziruhusiwi, kuna vigari vya umeme vya watalii vinavyozunguka pembezoni basi, ndani ni miguu yako. Nani anabeba mizigo? Mikokoteni! Wanaume wazima wamejifunga mkanda begani, wanavuta friji, maji ya chupa, saruji, magodoro ya gesti, wanapanda nayo vilima vya mawe. Nilisimama namuangalia mmoja alikuwa na matofali, mkewe anasukuma nyuma, kona ni kali na mteremko upo, akauzungusha mkokoteni kinyumenyume ili uzito uwe juu yake na usimkimbie, akashuka taratibu anaburuza viatu. Aliyewahi kufika Lamu atakielewa hiki kisiwa haraka, ila kule kazi hii ya mizigo wameachiwa punda.

Nyumba niliyofikia iko ndani kwenye vichochoro, mama mwenye nyumba akaipiga picha paspoti yangu akawatumia polisi kwa simu yake, akanipa ufunguo, akaniuliza kama nakula nguruwe, nikamwambia sili, akasema basi asubuhi nitakupa supu ya karanga. Hiyo supu ni tamu, karanga zimechemshwa mpaka zinayeyuka mdomoni, ina sukari.

Jioni nikatembea bila ramani. Mimi nauza marumaru na vigae, jicho langu linaenda ukutani kabla halijaenda kwenye maua, na kuta za hapa jamani! Tofali ni jekundu la kung'aa, halafu lina mistari myeusi ya kukatiza. Nikadhani wamepaka rangi, nikaweka kidole, hapana, mistari imo ndani ya tofali lenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga plasta nyumba ya pili alinieleza (kwa apu ya kutafsiri, mimi Kichina changu ni cha bei na karabati tu): tanuru lilikuwa linachomwa kwa matawi ya msonobari, matofali wanayapanga kwa kuyalaza kimshazari, pale yanapofunikana rangi inabaki nyekundu safi na pale yalipo wazi majivu na moshi vinakaa, ndio ule weusi. Kwa hiyo ule mstari ni kivuli cha jinsi lilivyopangwa ndani ya tanuru. Nimefanya biashara hii miaka mingi na viwanda vyote vikubwa vinanionyesha mashine zinazochapa picha juu ya marumaru, na hakuna kilichonifurahisha kama lile tofali.

Jumatano, mwamba

Niliamka mapema nikapanda Riguangyan kabla makundi hayajafika. Huu ndio mwamba mkubwa wa kisiwa, kilele chake kiko mita 92.7, sio mrefu lakini ngazi za mwisho ni nyembamba na zimesimama, mtu mwenye kizunguzungu asijaribu. Juu unaona kila kitu: mapaa mekundu na miti mikubwa, upande wa pili Xiamen na maghorofa yake ya vioo, upande wa bahari meli za kontena zimepanga foleni.

Huku ndiko Zheng Chenggong alikofanyia mazoezi jeshi lake karne ya 17, wazungu walimuita Koxinga. Alizaliwa Japani 1624, mama Mjapani, baba yake Zheng Zhilong alikuwa mfanyabiashara na haramia kwa pamoja (zamani ilikuwa kazi moja). Nasaba ya Ming ilipoangushwa na Wamanchu yeye akakataa kusalimu amri, akaishikilia Xiamen na Gulangyu na visiwa vya karibu, na 1661 akavuka na watu kama 25,000 kwenda Taiwan kuwapiga Waholanzi, ngome yao ikasalimu Februari 1662. Miezi michache baadaye akafa, hajafika hata miaka arobaini. Sanamu yake imesimama ufukweni, ya mawe, mita 15 na zaidi, anaangalia baharini.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sikuliona kwenye kibao chochote, na ndilo lililonifanya nikae juu ya ule mwamba muda mrefu. Huyu baba yake, Zheng Zhilong, alikuwa na kikosi cha walinzi Waafrika. Ni watu waliokuwa watumwa wa Wareno kule Macau, wakatoroka wakaja kwake, akawapa silaha akawaamini kuliko askari wake wengine. Na kwenye vita ya Taiwan kamanda wa Kiholanzi aliyeshindwa aliandika mwenyewe kwamba Koxinga alikuwa na vikosi viwili vya watu weusi, wengi walikuwa watumwa wa Waholanzi na walikuwa wanajua kutumia bunduki, na waliwasumbua sana. Wareno walichukua watu Msumbiji na pwani yetu kupeleka Goa na Macau, kwa hiyo sio ajabu kati yao kulikuwa na mtu ambaye mimi na yeye tungeelewana maneno mawili matatu. Sisi shuleni na kwenye hotuba za mabalozi tunaambiwa ya twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China 1415, kila mwaka twiga, twiga. Hawa waliopigana na bunduki mkononi katika bahari hii hii hawatajwi, mnyama anatajwa. Mimi naona hilo ni kosa kabisa.

Mchana niliteremka bustani ya Shuzhuang. Aliyeijenga 1913 ni Lin Erjia, tajiri wa Taiwan, familia yake iliondoka kule 1895 Wajapani walipoichukua. Ukiingia mlangoni huoni bahari, kuna ukuta umekuziba, unaisikia tu, unakata kona ndio inafunguka yote mbele yako na daraja linapita juu ya maji kwa kujipindapinda. Inasemekana lina kona 44 kwa sababu mwenyewe alikuwa na umri huo. Watu wengi, picha nyingi, nikaondoka.

Alhamisi, mvua

Mvua kutwa. Siku ya makumbusho.

Kisiwa hiki wanakiita kisiwa cha piano, na mwanzoni nilidhani ni maneno ya watalii tu, hata gati la wenyeji limejengwa kwa umbo la piano iliyofunguliwa. Lakini historia ipo. Wamisionari walikuja baada ya Vita ya Kasumba, ile ya Waingereza na China, wakaleta kanisa, kanisa likaleta kinanda, watoto wa shule zao wakajifunza, matajiri wakaiga. Makumbusho ya piano ilifunguliwa 2000, zaidi ya piano 70 za kale zilizokusanywa na mtu aliyezaliwa hapa akaishi Australia, Hu Youyi, akazirudisha nyumbani kwao. Kuna zenye vishikio vya mishumaa, kuna zinazojipiga zenyewe kwa karatasi yenye matundu. Na kuna kisa cha Yin Chengzong, mtoto wa hapa, alizaliwa 1941, 1962 alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Tchaikovsky Moscow. Halafu yakaja Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, piano ikawa kitu cha mabepari, watu wanaogopa hata kuonekana nayo, yeye 1967 akaipeleka piano uwanja wa Tiananmen akawapigia watu nyimbo walizozitaka. Akaiokoa piano namna hiyo. Ukimya wa kisiwa unasaidia pia, ukipiga piano hapa hakuna bodaboda ya kukuzidi sauti.

Kwenye makumbusho ya vinanda vya makanisa nilipenda zaidi jengo lenyewe, linaitwa Bagua Lou, lina kuba jekundu unaloliona hata ukiwa Xiamen. Ramani aliichora John Otte, daktari mmisionari mzaliwa wa Uholanzi aliyetokea Marekani, ndiye aliyeanzisha hospitali hapa 1898. Mwenye nyumba alikuwa Lin Heshou, wa ukoo ule ule wa Lin wa Taiwan, alianza 1907 akitaka jumba la kupita yote, pesa ikamshinda kabla halijaisha. Tunawajua wa aina hiyo, hata mtaani kwangu Chanika yapo maghorofa yanayosubiri. Otte yeye alikufa 1910 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa wake.

Nikamaliza na bustani ndogo ya Lin Qiaozhi. Daktari wa akina mama, alizaliwa kisiwani 1901, akasoma Beijing, akamaliza 1929, hakuolewa, akazalisha watoto zaidi ya 50,000 mpaka anafariki 1983. Sanamu yake ni nyeupe, mikono ameikunja mbele kama anasubiri mtu wa zamu. Mvua ilikuwa inampiga, nikasimama pale na mwamvuli nikamuombea dua kwa sababu mimi mwenyewe wa kwanza wangu nilimpata kwa taabu.

Ijumaa, majumba

Dogo wa Tanga alivuka asubuhi, hana kipindi Ijumaa. "Shikamoo dada, za kisiwa?" Nikamwambia leo nataka kujua nani alijenga huu mji, maana siku zote hizi kila kiongozi wa watalii mwenye kipaza sauti anaonyesha ubalozi mdogo wa Uingereza, ubalozi mdogo wa Marekani, ubalozi mdogo wa Japani, nyumba ya mmisionari fulani, utafikiri Wachina walikuwa wapishi tu.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. 1841 Waingereza waliteka Xiamen wakaweka jeshi Gulangyu, mkataba wa Nanjing 1842 ukalazimisha bandari tano zifunguliwe kwa biashara yao na Xiamen ikiwemo, jeshi likaondoka 1845 ila wafanyabiashara na wamisionari wakabaki kwa sababu kisiwani upepo ni mzuri na vurugu za mji ziko ng'ambo. 1902 wakasaini makubaliano kisiwa kiwe makazi ya kimataifa, China nzima yalikuwa mawili tu ya aina hiyo, Shanghai na hapa. Kukawa na baraza lake, mahakama yake, polisi Masingasinga walioletwa kutoka India, na kwenye baraza Wachina walianza na kiti kimoja. Kiti kimoja! Wakati wageni ni mia chache na Wachina ni maelfu. 1938 Wajapani walipoiteka Xiamen wakimbizi walijaa hapa, na Desemba 1941 Wajapani wakakichukua na kisiwa chenyewe.

Hayo ni ya wageni. Lakini majumba haya, zaidi ya elfu, mengi yamejengwa miaka ya 1920 na 1930, na pesa sio ya Waingereza. Ni pesa ya Wafujian walioenda Java, Malaya, Singapore, Ufilipino. Na kuondoka kwao hakukuwa kwa raha wote. Bandari hii hii ndiyo iliyotoa meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kwenda Cuba 1847, vijana wanadanganywa au wanafungiwa kwenye vibanda mpaka meli ijae, makampuni ya Waingereza ndio madalali, mpaka 1852 watu wa Xiamen wakaandamana wakafanya fujo na wanajeshi wa Kiingereza wakawapiga risasi. Wengine wengi waliondoka kwa hiari wakifuata mjomba au jirani, wanalala dukani kwa mtu, wanatuma pesa nyumbani na barua. Hizo barua zina jina lake, qiaopi, barua na pesa kwenye bahasha moja, mjumbe anamletea mama mpaka mlangoni, anamsomea kama hajui kusoma, anamuandikia na jibu. UNESCO waliziingiza kwenye kumbukumbu za dunia 2013. Mtu yeyote mwenye ndugu Muscat au Dubai anajua hawala ni nini, hii ni hawala yenye salamu ndani.

Dogo akanipeleka jumba la Huang Yizhu. Huyu mzee nimempenda. Alizaliwa 1868 kijijini Nan'an, maskini, akawa kinyozi, na watu wanasimulia kwamba alimkata kidogo mkubwa mmoja wakati anamnyoa, akaogopa, akakimbilia ng'ambo. Akafika ng'ambo akiendelea kunyoa, akaacha wembe akauza vitu vya rejareja, kahawa, akakaa Semarang kisiwani Java, akaingia kwenye sukari. Vita Kuu ya Kwanza bei ya sukari ikapanda sana na yeye ana maghala yamejaa. Waholanzi, ndio waliokuwa wanatawala Java, wakamuandama na kodi, wakamwambia chukua uraia wetu, akakataa, 1919 akarudi China na mamilioni ya dola. Hakujenga jumba tu akakaa barazani. Alianzisha benki Shanghai 1921, akawekeza kwenye maji ya bomba na simu za Xiamen, mji ukapata maji safi kwa pesa ya kinyozi. Kwenye ngazi za jumba lake niliinama nikaangalia marumaru mpaka mlinzi akanikoholea. Kila pembe imekutana sawa, hakuna kipande kilichokatwa vibaya kikafichwa nyuma ya mlango, na nyinyi mafundi wa Dar mnajijua.

Kinachonifurahisha kwenye haya majumba ni kwamba mwenye nyumba hajamuiga mzungu mzimamzima. Tulienda Haitian Tanggou, majumba ya matajiri wa Huang waliorudi kutoka Ufilipino, la katikati lina nguzo za kizungu chini halafu juu limevaa paa la Kichina lenye ncha zilizonyanyuka. Yaani anakwambia nimesafiri nimeona, lakini kichwa changu ni cha kwetu. Ndani wanapiga nanyin, muziki wa zamani wa huku kusini. Akina mama wawili na wazee watatu. Yule wa pipa (sio pipa la maji, ni ala ya nyuzi ya Kichina) haisimamishi kama unavyoona kwenye picha, anailaza mapajani kama gita, anapiga noti moja, anaiacha iishe kabisa, ndio anapiga nyingine, huku mwanamke katikati anaimba neno moja kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesahau linalofuata. Dogo alisinzia. Mimi nilikaa mpaka mwisho, mwendo wake una kitu cha taarab ya zamani, ile ya kukaa chini na kusikiliza, sio hii ya kurukaruka.

Jioni tukala chaza za kukaanga na mayai na unga wa viazi vitamu, nikahakikisha kwanza wanatumia mafuta ya mimea, zinavutika kidogo, ukiweka pilipili ni nzuri mno. Na zile tambi za karanga za siku ya kwanza, dogo anasema sosi yake ni ndugu wa satay, mishikaki ya sosi ya karanga ya kule Java na Malaya, walirudi nayo hao hao wa sukari na mashamba ya mpira.

Mama mwenye nyumba akaongea na sisi kidogo usiku. Watoto wake wote wanaishi Xiamen, shule ziko huko, hospitali kubwa iko huko, na kuleta kabati jipya huku unalipa mkokoteni karibu bei ya kabati. Kisiwa kiliingia urithi wa dunia Julai 2017, nyumba zinatunzwa vizuri kweli, kimbunga cha Meranti kiling'oa miti mingi 2016 na leo huoni hata kovu. Ila wanaoamka hapa na kulala hapa mwaka mzima wanapungua, kwenye mtaa wake nyumba nyingi ni gesti na maduka ya paka na maziwa ya embe. Nikamuuliza sasa piano zinapigwa na nani, akacheka, akasema spika.

Jumamosi, mizinga

Kisiwa kilifurika kuanzia saa tatu asubuhi, bendera za viongozi wa watalii kila kona, nikaona niwaachie. Nikavuka.

Mchana dogo akanipeleka ngome ya Hulishan upande wa kusini wa Xiamen, kuna mzinga mkubwa wa Krupp, milimita 280, ulinunuliwa Ujerumani karne ya 19 mwishoni. Kutoka pale ukitazama baharini hali ya hewa ikiwa safi unaona visiwa vya Kinmen, kilomita chache tu, navyo viko chini ya serikali ya Taiwan. Sikujua ni karibu hivyo! 1949 vita ya Wachina wenyewe kwa wenyewe iliisha huku wakomunisti wameshika upande huu wa maji haya haya na wapinzani wao waliokimbilia Taiwan wameshika ule, na Agosti 23, 1958 upande huu ulianza kupiga Kinmen mabomu, siku 44, karibu mabomu 470,000 kwenye visiwa vidogo vile. Baada ya hapo wakawa wanapigana siku moja ndiyo siku moja hapana, mengi yakiwa na karatasi za propaganda ndani, mpaka Januari 1, 1979. Watu wa Kinmen waliokota vyuma wakafua visu vya jikoni, mpaka leo vinauzwa kama zawadi. Na barabarani hapa ufukweni kuna maandishi makubwa mekundu yanayotazama kule yanasema nchi moja mifumo miwili, yaani Taiwan iungane na China, na wao kwenye kisiwa chao kimoja wana maandishi yao yanayotazama huku. Wanasomeana tu.

Wachina wa kawaida sasa wanavuka kwa boti nusu saa hivi wakati mambo yako sawa. Mimi ningehitaji viza nyingine, nikaangalia kwa darubini ya kulipia.

Jumapili, Jimei

Treni ya mjini inatoka chini ya ardhi inapita juu ya bahari kwenda Jimei, kaa dirishani. Huku ndio kwao Tan Kah Kee, na dogo alisisitiza nisiondoke bila kufika kwa sababu chuo anachosoma ni cha huyu mzee. Alienda Singapore 1890 akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaanza dukani kwa baba yake, biashara ya baba ikafa, akaanza upya na mananasi ya kopo, halafu mpira, akawa tajiri mkubwa sana. Kijijini kwao akajenga shule 1913, na 1921 akaanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen, kwa pesa yake. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, mpira ukaanguka bei, mabenki yakamwambia punguza pesa unayotuma chuoni tukusaidie, akakataa, akauza majumba yake ili walimu walipwe. 1934 kampuni ikafungwa. Chuo akaendelea kukibeba mpaka 1937 akakikabidhi kwa serikali. Na majengo yake ni yale yale ya kofia ya Kichina na mwili wa kizungu, ila huku ni madarasa na mabweni, sio sebule ya mtu. 2016 chuo hicho hicho kimefungua tawi Malaysia, kule kule pesa ilikotoka.

Kaburi lake liko ufukweni, limezungukwa na mawe yaliyochongwa picha za kila kitu, wanyama, mashine, vita, mtu kama alikuwa anataka watoto wasiojua kusoma nao wapate somo. Familia zilikuwa zinapita na watoto kweli, wanawaonyesha kwa kidole.

Tukakaa kwenye kivuli tunakula miwa. Dogo akaniuliza, "Dada, wewe ungeuza ile nyumba yako ya Chanika ili shule ya watu isifungwe?" Nikamwambia nyumba yenyewe haijapauliwa, nani atainunua. Kabla hajajibu simu ikaita, kiwandani, rangi imetoka, niende Foshan nikakague kesho asubuhi, nikamuachia muwa wangu nikakimbilia stesheni.